Wesley Atalala Wapi?

Khayega,
Jumapili, 2 Machi 2025

Kwa ndugu yangu Wesley,

Mulembe. Natumaini mikono imeacha kutetemeka na chakula kinakaa tumboni. Sisi huku tuko wazima wa mwili. Phineas amerefuka mpaka suruali ya shule inamwacha vifundo nje, na Abigail ameng'oka meno mawili ya mbele, siku hizi akicheka anajifunika mdomo kama bibi harusi.

Sasa keti kama umesimama. Kukhu ametuacha. Alijilaza mchana baada ya kanisa, akaniambia nimwamshe chai ikiiva. Chai ikaiva, Wesley, nikamwamsha, nyanya yetu hakuamka. Tulimzika tarehe ishirini na mbili Februari, pale kando ya baba na mama. Pole sana ndugu yangu, habari kama hii haifai kuletwa na karatasi.

Najua utauliza mbona hukuitwa. Baba mdogo Muhatia ndiye alikataa. Aliwapigia simu wakubwa wenu wa kituo cha matibabu akawaomba usiambiwe mpaka umalize miezi yako, eti ukisikia msiba utatoroka urudie bangi na vile vidonge. Kwenye matanga akaniambia mbele ya watu, "Huyo kijana asije kutuaibisha mbele ya pasta." Nikamjibu, "Huyo kijana ni mjukuu wake wa kwanza. Pasta ndiye mgeni hapa." Wamama wa jikoni walicheka chini kwa chini, lakini hakuna aliyeniunga mkono. Kwa hivyo nakuandikia bila ruhusa ya mtu. Kukhu alikupeleka huko Likuyani yeye mwenyewe, ni haki yako kujua amekwenda.

Kuna lingine. Tulinyolewa siku ya tatu kama desturi, wote, hata Abigail na vinywele vyake vilivyokuwa vimeanza kusukika. Unajua baada ya kunyoa ndipo ukoo unaketi kuamua mayatima wanakwenda kwa nani. Kikao kimesukumwa hadi Jumamosi ya Pasaka, watu wa Nairobi wakiwa nyumbani, lakini uamuzi umeshapikwa, unangoja kupakuliwa tu. Phineas aende Chekalini kwa shangazi yetu, senge Maximilla. Abigail aende Kakamega mjini kwa baba mdogo, akamsaidie mkewe kubeba mtoto. Mimi nina miaka kumi na tisa, eti nitapata mtu wa kunioa. Nyumba ya kukhu ifungwe.

Baba mdogo si mtu mbaya, na hiyo ndiyo shida. Mtu mbaya ningemtukana nikamaliza. Huyu analia machozi kabisa akisema. Alimpoteza kaka yake kwa chang'aa, shemeji yake akafuata kwa presha na mawazo, halafu wewe ukaanza yako. Anasema boma hili lina kitu, watoto watolewe wakiwa bado na akili.

Mimi nimesema hakuna mtoto anayetoka hapa. Nimemwambia yeye, nimewaambia majirani, sasa nakwambia wewe. Hatukugawanywa baba alipokufa, hatukugawanywa mama alipokufa. Nasuka watu nywele pale sokoni, mahindi yako shambani, na kuku wa kukhu wanataga. Tutakula. Kazi yako wewe ni moja tu, upone.

Dada yako,
Gentrix


Likuyani,
12 Machi 2025

Gentrix dadangu,

Mulembe muno. Barua yako ilinifikia Jumatatu tukiwa shambani. Mwili wangu uko sawa, nimenenepa mpaka mshipi umehama tundu. Mikono ilitetemeka wiki za kwanza, sasa inashika jembe vizuri. Wewe je? Ile homa yako ya msimu wa mvua haijaanza? Uwe unavaa sweta.

Nimelia, manze. Nililia katikati ya mahindi mbele ya wanaume wazima, mpaka Bwana Kiprop anayetusimamia akaninyang'anya jembe akaniambia nikae kivulini. Nikamuuliza, "Ulikuwa unajua?" Akasema ndiyo, alikuwa anajua. Tangu siku hiyo simsalimii. Tukikutana kwa mlango nageuza uso.

Unakumbuka kukhu alivyonileta hapa na kikapu cha ndizi? Aliwaambia hawa watu, "Mjukuu wangu si mwizi, ni mgonjwa. Akiiba mnipigie mimi, si polisi." Nilitaka kuzama ardhini kwa aibu. Sasa natamani angekuja kuniaibisha tena.

Baba mdogo mwambie hivi: mimi ndiye mwanamume wa boma lile. Sikubali kugawiwa ndugu zangu kama viazi. Nitatoka hapa mwisho wa Mei, nitakaa kwangu, kwa simba yangu, kibanda changu cha ujana, na nitalinda watu wangu. Anayetaka Phineas aje amchukue nikiwa nimesimama pale kwa mlango.

Na hapo kwa simba nakuomba kitu. Usiiguse. Ufunguo nilimwachia Wangila awe analala pale ailinde isije ikaliwa na mchwa. Najua humpendi Wangila, lakini ndiye rafiki pekee aliyenisindikiza mpaka steji siku naondoka. Ile simba ndicho kitu changu pekee nilichobaki nacho, Gentrix. Mabati niliyauza, sawa, nikaezeka nyasi, tusirudi huko. Lakini ile nguzo ya kwanza baba aliikita mwenyewe mwaka niliotahiriwa, akaniambia, "Kuanzia leo wewe si wa kulala na akina mama." Udongo nilikandika kwa mikono yangu. Mwanamume bila simba anarudi nyumbani kufanya nini?

Mwambie Abigail meno yataota. Phineas mwambie asome.

Ndugu yako,
Wesley


Khayega,
Jumapili, 23 Machi 2025

Wesley,

Salamu utazipata mwisho wa barua, leo sina subira. Nimebomoa simba yako.

Soma mpaka mwisho kabla hujaanza kupiga kelele. Alhamisi mchana Abigail alinijia sokoni mbio, mwalimu amemtuma aniulize kama Phineas ni mgonjwa, wiki nzima hajaonekana darasani. Wiki nzima! Na kila asubuhi nilikuwa nampa uji, namfunga vifungo vya shati, namwona akishuka njia na begi mgongoni. Nilimwacha mteja wa watu na kichwa nusu, nikakimbia nyumbani.

Nilisikia kicheko kabla sijafika langoni. Nikasukuma mlango wa simba. Walikuwa wamejaa humo, vijana wa steji, moshi mpaka macho yanawasha, na Wangila wako katikati, mlinzi wa mchwa. Phineas alikuwa kwa kitanda chako na sare ya shule, ameshika chupa ya gundi puani. Nikamwita. Alinitazama akachelewa kunijua. Mimi, Wesley. Mimi ninayemwosha masikio.

Wangila akaniambia, "Sista, tulia. Dogo anajifunza tu, mwache akue."

Nilimbeba Phineas. Ana miaka kumi na miwili na miguu imemzidi, lakini nilimbeba. Nikamwosha, akatapika, nikampa maziwa, akatapika tena, nikamlaza kwa kitanda cha kukhu na kumwambia Abigail akae hapo amshike mkono. Halafu nikachukua panga na jembe nikarudi.

Walidhani natania. Nilipokata kamba ya kwanza ya paa na nyasi zikawaangukia, walitoka wote wakikohoa, Wangila wa mwisho, ananiita mwendawazimu. Nikamwambia mwendawazimu hajaanza. Nilivuta nyasi, nikapiga ukuta kwa jembe mpaka jioni. Majirani wamama walikuja wakajipanga kwa ua, mikono kichwani: "Gentrix! Simba ya mwanamume aliye hai!" Hakuna aliyeingia kunizuia, na hakuna aliyeingia kunisaidia. Nguzo ya baba ndiyo ilinichosha zaidi. Niliikata nikilia, sitakuficha.

Najua mwiko, sihitaji kufundishwa. Simba ya mtu hubomolewa na mwenyewe au wazee wa ukoo. Akiibomoa mwanamke, tena wa boma hilo hilo, ni kama amemtangaza mwenyewe marehemu. Sasa mimi nakwambia hivi: sijakutangaza marehemu. Lakini kama ningeiacha mpaka Mei, huenda ningekuwa nakuandikia kuhusu mazishi mengine. Wakitaka kondoo wa kunisafisha wamtafute wenyewe, mimi sitoi hata kwato.

Nikasirikie ukitaka, lakini usitoke huko. Phineas anakula sasa. Abigail anakusalimia.

Dada yako,
Gentrix


Khayega,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Kwa Wesley, popote ulipo,

Barua hii naituma kituoni nikijua labda haina mwenyewe. Bwana Kiprop alinipigia simu. Anasema ulisoma barua yangu ukiwa umesimama, ukaikunja ukatia mfukoni, ukaruka ua ukaenda. Tangu hapo hakuna aliyekuona. Uko hai? Umekula? Nauliza kwa sababu ndiyo namna barua zinavyoanza, lakini leo nataka jibu kweli.

Kila anayepita njiani nadhani ni wewe unakuja na rungu. Njoo basi! Unipige mbele ya Phineas, tumalize.

Huku mambo yamechacha. Baba mdogo alikuja akaona pale palipokuwa na simba, akaketi chini kwa udongo na suti yake ya ofisi. Nilidhani ataniunga mkono, maana yeye ndiye alikuwa akisema simba ile ni pango. Hata! Akasema, "Gentrix, nilikuwa natafuta namna ya kuwaeleza wazee, sasa umenipunguzia kazi. Kaka ametoroka, dada amevunja mwiko. Nani atakubali watoto waachwe hapa?" Na hakusema kwa ubaya. Alinishika bega kabisa.

Sokoni nako wateja wamepungua. Kuna wamama hawataki kichwa chao kiguswe na mikono iliyobomoa simba ya kaka. Wakasukwe Mbale basi, nauli ni yao.

Phineas hanipendi siku hizi. Namsindikiza mpaka lango la shule, na jioni namngoja pale pale, na wenzake wanamcheka. Ananiita polisi. Wiki ya kwanza alikuwa akitokwa na jasho, akaniomba nimwachie dakika moja tu aende kwa kina Wangila, nikafunga mlango nikakaa nao mgongoni. Alinitukana matusi ambayo sijui aliyatoa wapi. Baadaye alilala. Abigail akaniuliza kama Phineas atakuwa kama wewe. Nikamwambia alete kuni, Wesley.

Kikao kiko pale pale, Jumamosi ya Pasaka. Watoto wenyewe wanajua. Abigail amefunga nguo zake kwa leso akazificha chini ya kitanda cha kukhu, nilipomuuliza akasema, "Ili wakikuja kuchukua nguo wasizione." Mimi siwaachi. Waje na chifu, waje na nani. Lakini ningependa kujua kama nina ndugu au la.

Dada yako, ukimtaka,
Gentrix


Likuyani,
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Gentrix,

Mulembe. Niko Likuyani, nimerudi kwa miguu yangu mwenyewe na hakuna aliyenivuta shati. Mwili mzima. Sikuvuta kitu, sikumeza kitu. Usiniulize mara mbili, tafadhali, hapa wameniuliza mpaka nimechoka.

Ngoja nikueleze. Barua yako niliisoma mpaka "nimebomoa simba yako" basi. Macho yalikataa kuendelea. Nikaruka ua. Nia yangu ilikuwa moja, nije Khayega nikuonyeshe mwanamume ni nani. Nilitembea, nikapewa lifti na trekta ya mtu, jioni nikafika Chekalini nikasema nipite kwa senge Maximilla nimwombe nauli ya kuja kukupiga. Ndiyo, nilimwambia hivyo hivyo, shangazi wa watu.

Alikuwa anapalilia. Hakuacha jembe. Akaniuliza, "Na Gentrix anasema kwa nini alibomoa?" Nikasema sijui. "Barua iko wapi?" Iko mfukoni. "Miwani yangu imevunjika, nisomee." Nikaanza kusoma nikiwa nimesimama pale kwa mtaro, kwa hasira, kwa sauti, nikitaka asikie ulivyonikosea. Nikafika pale ulipoandika habari ya Phineas, "Alinitazama akachelewa kunijua." Nikaikunja karatasi. Senge akasema, "Soma." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Soma, Wesley." Nikasoma mpaka mwisho.

Hakunigombeza. Alinisongea obusuma na mboga ya kunde, akaniambia palizi imemzidi na kijana mwenye nguvu kama mimi hawezi kuomba nauli bila kushika jembe. Ndiyo maana nikachelewa, nilikuwa namlimia. Nilipomaliza akanipa nauli ya kurudi Likuyani, si ya kuja Khayega. Kiprop alinifungulia lango bila neno. Nimeanza kumsalimia.

Ule ufunguo afadhali ningeumeza, Gentrix. Wangila nikimwona sijui nitafanya nini. Phineas mwambie, hapana, usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe.

Sasa sikiliza, hili ndilo la maana. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, nimewaandikia wazee. Nimesema simba ilikuwa yangu, na mimi mwenyewe ndiye nilikutuma uibomoe kwa niaba yangu kwa kuwa siko. Mwenyewe akiamuru hakuna mwiko, wewe utakuwa ulishika panga tu. Wasomee siku ya kikao, mapema, kabla baba mdogo hajaanza kulia. Watanyamaza. Nimeandika kwa mwandiko mzuri.

Ni uongo, lakini niachie mimi uzito wake. Simba imeshaanguka, jina langu litumike kwa kitu.

Ndugu yako,
Wesley


Khayega,
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Kwa ndugu yangu Wesley,

Pasaka njema. Hujambo? Unakula? Nilipopata barua yako nililia nikaichafua, kisha nikacheka, yaani ulipita kwa senge kuomba nauli ya kuja kunipiga! Akili yako wewe.

Sasa kikao. Nitakueleza chote na usinikatize.

Tuliketi mbele ya nyumba kwa viti vya kanisa. Wazee upande mmoja, wamama kwa mikeka, watu wa Nairobi nyuma na simu zao. Baba mdogo akafungua kwa maombi, halafu akanigeukia. "Kabla ya watoto, tuanze na simba. Gentrix, nani alikutuma?"

Karatasi yako ilikuwa kiunoni mwangu ndani ya leso. Nilihisi kona yake ikinichoma. Ningeitoa tu, mambo yangeisha hapo. Sikuitoa, Wesley. Usikasirike. Ulitaka kunikinga, na nimekushukuru, lakini nikisema ulinituma, siku nyingine watoto hawa wakiwa hatarini nitangoja tena mwanamume wa kunituma. Nikasimama nikasema, "Hakuna aliyenituma. Nilibomoa kwa mikono hii. Na ikijengwa nyingine ya namna ile, nitaibomoa nayo."

Wee! Palichafuka. Mzee Shitanda akagonga fimbo: "Huyu msichana anaongea na nani hivyo?"

"Na nyinyi, guku," nikamwambia babu huyo. "Na nawaheshimu. Lakini naomba mnijibu. Wesley alitahiriwa akiwa na miaka kumi na mitatu, mkampa mlango wake mwenyewe, ndiyo desturi, sikatai. Baba akafa. Ni nani kati yenu aliwahi kubisha ule mlango? Nani aliuliza kwa nini moshi unatoka na hakuna anayepika? Mnaogopa simba kubomolewa, mbona hamkuogopa kilichokuwa ndani?"

Baba mdogo alikuwa anaangalia viatu vyake. Mtu mmoja wa Nairobi akaanza kupiga makofi, mkewe akamfinya.

Wazee wakasema haya basi, watoto. Baba mdogo akaita, "Phineas, inuka uende kwa senge yako." Phineas hakuinuka. Akaitwa tena. Akasema akiangalia chini, "Siendi. Gentrix ananitesa lakini siendi." Watu wakacheka, na mimi nikatamani kumkumbatia, nikajizuia nisimwaibishe. Abigail yeye hakungoja kuitwa, alikuja akaketi juu ya miguu yangu, uzito wote, nikashindwa hata kusogea.

Ndipo senge Maximilla akasimama. Alisema, "Mimi nilikuja na nafasi kwa kitanda na sahani moja zaidi. Lakini mtoto wa kuburutwa simtaki. Ninalo swali moja kwa Gentrix." Akanitazama. Unajua macho yake. "Wesley akitoka huko, atalala wapi?"

Hapo ndipo kulikuwa na jambo lenyewe, wote walijua. Ukirudi ujenge simba nyingine, kina Wangila watarudi kabla udongo haujakauka. Usipojenga, mwanamume aliyetahiriwa hawezi kulala nyumba ya nyanya yake na dada zake. Kwa hivyo ama watoto waondoke ama wewe usirudi. Hicho ndicho walikuwa wanakizungukia tangu mwanzo.

Nikasema, "Atalala ndani. Na sisi."

Nilidhani fimbo ya mzee Shitanda itavunjika. Wamama walishika midomo. Baba mdogo aliinuka kabisa, "Ndani! Mwanamume mzima! Ndani ya nyumba ya kukhu!" Nikasema ndiyo, kwa godoro, sebuleni, ninapoweza kumnusa pumzi kila jioni. Kama kuna laana inipate mimi, nimeshazoea. Nikasema sitachagua kati ya ndugu zangu, si wadogo, si mkubwa. Tuko wanne na tutalala wanne.

Wakajadiliana mpaka chai ikapoa. Wakaamua hivi. Watoto wabaki mpaka utoke. Ukikubali kulala ndani na kutojenga simba bomani, watabaki kwangu, na ukoo hautauliza tena. Ukikataa, au ukikubali halafu ukajenga, siku hiyo hiyo Phineas na Abigail wanachukuliwa. Mzee Shitanda akacheka, akasema hakuna mwanamume wa ukoo wetu atakayekubali kugeuzwa mtoto. Baba mdogo akasema yeye anataka kuona kwa mwandiko wako.

Kwa hivyo nimekuweka pabaya na sikukuuliza. Najua ninachokuomba. Watakuita msichana pale steji. Wenzako wa rika hawatakuja kukutembelea. Kama huwezi, niambie wazi, nisiwapikie watoto matumaini. Lakini nilisema utakubali, mbele ya watu wote, na sikutetemeka.

Dada yako,
Gentrix


Likuyani,
Jumamosi, 3 Mei 2025

Gentrix,

Mulembe. Mimi mzima. Salimia watoto, msalimie senge ukimpata kwa simu.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikasirika. Kwanza kwa ile karatasi yangu uliyoficha, na mwandiko wote ule mzuri. Halafu kwa hili la pili. Nilianza kukujibu nikachana, nikaanza tena nikachana. Nilikuwa naandika, "Wewe ni nani wa kunigeuza mtoto?" Nilimsomea Kiprop. Akaniuliza, "Kwani ulipokuwa na simba ulikuwa mwanamume wa nani?" Nikamwambia hayo si maneno ya kumwambia mtu. Akasema basi, akaenda zake kukamua ng'ombe.

Wenzangu hapa waliposikia walicheka mpaka mmoja akaanguka kitini. Waliniita Wesley wa kukhu. Ndiyo jina langu sasa, hata mezani. Siku ya kwanza nilitaka kupigana. Siku ya tatu nikaitika.

Hii mpelekee baba mdogo. Ukipita steji simama, uisome kwa sauti, Wangila akiwa pale ndiyo vizuri zaidi:

Mimi Wesley, mjukuu wa kwanza wa kukhu, nimetahiriwa na sijasahau. Natoka tarehe thelathini na moja. Sitajenga simba. Nitalala ndani na dada zangu na mdogo wangu. Mzee Shitanda akitaka kuja kunicheka, aje asubuhi, atanikuta naosha vyombo. Mtoto haendi Chekalini na mtoto haendi mjini. Kijana yeyote akimtafuta Phineas, aje kwa mlango huo huo mmoja tulio nao sote, abishe, aseme shida yake mbele ya Gentrix.

Hapo umemaliza kusoma, hizi zingine ni zako. Sijui kama nitaweza, Gentrix. Huku kuna ua na Kiprop na kengele. Huko kuna steji. Kuna siku utanusa pumzi yangu na moyo wako utashtuka, na mimi nitaudhika kwa kunuswa. Ninuse tu.

Godoro usiliweke sebuleni katikati. Liweke kati ya Phineas na mlango. Akitaka kutoka, anipite mimi kwanza.

Ndugu yako,
Wesley